Ushindi wa Shimbra Kure una funzo gani kwa vijana wa Garissa?

Joto la Garissa halina mzaha. Siku niliyoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili mjini humo, ilibidi tuliache darasa lenye paa la mabati na kuhamia chini ya mwarubaini uani. Nilikuwa nimeombwa nieleze habari za maneno ya Kiarabu yaliyotia nanga katika lugha ya Kiswahili, nami, kama ilivyo desturi ya watu wa taaluma yangu, nikaanza na mashina ya maneno. Nilipofika kwenye shina lenye konsonanti tatu ambazo kwazo tumepata Fatiha, yaani sura ya kufungulia, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinyanyua mkono akauliza iwapo hilo ndilo shina la jina la kile kitabu mashuhuri, Futuh al-Habasha. Nikamjibu kuwa ndilo. Kuanzia hapo, msomaji mpenzi, somo langu la isimu lilikwisha, na mjadala wa historia ukaanza.

Wanafunzi wale waliijua habari ya Imamu Ahmad bin Ibrahim al-Ghazi, ambaye Wasomali humwita Ahmed Gurey na Waamhara humwita Gragn. Majina yote mawili ya utani yana maana moja: mtu mwenye mashoto. Walijua kwamba mnamo mwaka wa 1529, mahali paitwapo Shimbra Kure katika nchi ya Uhabeshi, jeshi lake liliuvunja mkono wa Mfalme Lebna Dengel, aliyekuwa na askari wengi kumzidi. Walichotofautiana ni sababu. Wa kwanza alisema ni imani tu: mwenye Mungu hashindwi. Wa pili akadai kuwa ni bunduki za Waturuki. Msichana mmoja akawakatiza wote wawili na kusema kuwa siri ilikuwa umoja, kwani wazee wao walipokuwa kitu kimoja hapakuwa na aliyewaweza. Wenzake walimpigia makofi.

Ndipo msichana mwingine, mdogo wa umbo, aliyekuwa ameketi pembeni kabisa, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, na sisi leo tukiungana, tutamshinda nani?"

Makofi yalikoma. Nyuma ya wanafunzi aliketi mwalimu kijana, Mkristo kutoka magharibi mwa Kenya, ambaye alikuwa amesikiliza mjadala wote bila kutia neno. Nilimwona akiinua uso. Kabla sijapata la kusema, kengele ililia na wanafunzi wakatawanyika. Swali lile nimerudi nalo nyumbani, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Natuanze na yale yanayojulikana. Imamu Ahmad alizaliwa yapata mwaka wa 1506 katika dola ya Kiislamu ya Adal, ambayo makao yake makuu yalihamishiwa mji wa Harar mwaka wa 1520. Baina ya Adal na ufalme wa Kikristo wa Uhabeshi palikuwa na uhasama wa muda mrefu, wa kuvamiana na kulipizana kisasi. Kwa mfano, Mahfudh, liwali wa Zeila, ambaye bintiye Bati Del Wambara aliolewa na Imamu, aliuawa vitani mwaka wa 1517 akipigana na majeshi ya Lebna Dengel. Katika hali hiyo ndimo alimoinukia kijana yule wa mashoto.

Habari za vita vyake tumezipata hasa kwa Shihab al-Din, aliyejulikana kwa lakabu ya Arab Faqih, mwandishi wa kitabu nilichokwisha kukitaja. Yeye anasema kwamba huko Shimbra Kure, Imamu alikuwa na wapanda farasi 560 na askari wa miguu 12,000, ilhali mfalme alikuwa na wapanda farasi 16,000 na askari wa miguu zaidi ya 200,000. Hesabu za waandishi wa kale hazina budi kupokelewa kwa hadhari, kwani kila mwenye kusifu ushindi wa upande wake hupenda kumnenepesha adui. Hata hivyo, tarehe za kifalme za Wahabeshi wenyewe, ambazo hazikuwa na sababu ya kumpendelea Imamu, zinakiri kuwa jeshi lake lilikuwa dogo kuliko lao. Mahasimu wawili wanapokubaliana juu ya jambo moja, mwanahistoria huwa na haki ya kuliamini. Wachache waliwashinda wengi, na waliwashinda kwa kupoteza watu wengi wao wenyewe.

Sasa tuzipime hoja za wanafunzi, moja baada ya nyingine.

Aliyetaja bunduki hakukosea kabisa, kwani silaha za moto zilikuwa zimeanza kuingia katika vita vya eneo hilo. Lakini msaada mkubwa unaojulikana vyema, wa askari wapatao 900 wenye bunduki waliotumwa kutoka Yemen iliyokuwa chini ya Waturuki, ulimfikia Imamu mwaka wa 1542, yaani miaka 13 baada ya Shimbra Kure. Haiwezekani mvua ya leo ikawa ndiyo iliyootesha mtama wa mwaka juzi.

Aliyetaja imani peke yake naye ana swali la kujibu. Wahabeshi hawakuwa watu wasio na dini. Ufalme wao ulikuwa umeupokea Ukristo tangu karne ya 4, na mapadri wao walisali kwa ajili ya ushindi kama vile masheikh wa upande wa pili walivyosali. Iwapo imani ndiyo iliyoshinda, basi ni lazima tueleze imani ilifanya kazi gani upande mmoja ambayo haikuifanya upande wa pili. Kusema tu kuwa ilikuwapo hakutoshi.

Kazi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo aliyoigusa msichana wa umoja, ingawa hakuifikisha mwisho. Tazama jeshi la Imamu lilivyokuwa. Mlikuwamo Wasomali wa koo mbalimbali, Waharari, Waharla, Waafar na Waarabu. Mimi ni mwanaisimu, na ningefurahi kusema kuwa lugha ndiyo iliyowaunganisha, lakini ningekuwa nasema uongo. Kisomali na Kiafar ni lugha za Kikushi, ilhali Kiharari na Kiarabu ni za Kisemiti, na hata lugha za kundi moja hazisikilizani. Hawakuwa na lugha moja, wala babu mmoja, wala malisho mamoja. Walichokuwa nacho kwa pamoja kilikuwa dini, na sheria ambayo kila mmoja wao aliitambua kuwa ni kubwa kuliko ukoo wake.

Neno "kubwa kuliko" ndilo la kuzingatiwa. Arab Faqih anazitaja koo za Wasomali kwa majina yao, tena zikienda vitani kila moja chini ya kiongozi wake. Ukoo, kwa hiyo, haukufutwa. Hakuna aliyeambiwa asahau nasaba yake. Mwandishi huyo pia anatuonyesha kuwa Imamu hakuzikuta koo hizo zimeshikana mikono zikimngojea. Zilikuwa na visa na visasi vyao, na sehemu ya kazi yake kabla ya kuukabili ufalme ilikuwa kusuluhisha ugomvi wa nyumbani. Na tusifiche lililo chungu: si kila usuluhishi ulifanywa kwa maneno matamu. Katika kuinuka kwake Imamu alipambana na Sultani Abu Bakr wa Harar, na Sultani huyo akauawa. Umoja wa Adal ulijengwa kwa mahubiri, kwa ndoa, kwa mapatano, na pia kwa upanga.

Hapa natoa somo langu la kwanza kwa walimu wa historia. Tusiwafundishe watoto kuwa umoja huteremka wenyewe kama umande pale watu wanapokuwa wa dini moja. Waislamu wa Adal walikuwa wa dini moja miaka mingi kabla ya 1529, na bado walichinjana. Imani iliwapa mzani wa kupimia madai yao, lakini ilibidi pawepo watu wa kuushika mzani huo na wengine wa kukubali kupimwa. Wasomali wana methali isemayo kuwa meno hukata yakiwa pamoja. Ni kweli, nasi Waswahili tunasema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini meno hayo hayo huuma ulimi.

Somo la pili linahusu yale yaliyofuata baada ya ushindi. Shimbra Kure haikumpa Imamu nchi. Wapiganaji wengi walitaka kurejea makwao, naye akarudi Harar, na ilimbidi angoje hadi mwaka wa 1531 ndipo aanze tena mashambulizi makubwa. Kuanzia hapo alisonga mbele kwa kasi ya kutisha. Makanisa yalitiwa moto, hazina na maandiko ya karne nyingi yakateketea, watu wakatekwa na kuuzwa utumwani, na wengine wakasilimishwa kwa hofu. Lebna Dengel alikufa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe mwaka wa 1540. Mtoto wa Kihabeshi anayefundishwa habari hizi leo hasikii sifa za shujaa. Husikia kilio cha mababu zake. Mwalimu asiyekisikia kilio hicho anafundisha nusu ya historia.

Nina sababu ya kusisitiza jambo hili. Nchi hiyo hiyo ya Uhabeshi ndiyo iliyowapokea Waislamu wa kwanza kabisa, yapata mwaka wa 615, walipokuwa wakiteswa Makka. Najashi, mfalme Mkristo, alikataa kuwarudisha kwa watesi wao. Kila mwanafunzi wa madrasa mjini Garissa anaijua habari hiyo kabla hajajua habari za Ahmed Gurey. Basi historia ya imani hizi mbili katika Pembe ya Afrika haikuanzia kwenye uwanja wa vita. Ilianzia mlangoni, pale mwenye nyumba alipomfungulia mgeni anayewindwa.

Na ushindi wenyewe uliishia wapi? Mwaka wa 1541 Wareno 400 waliteremka Massawa chini ya Cristóvão da Gama kuwasaidia Wahabeshi. Mwaka uliofuata Imamu, akisaidiwa na wale wenye bunduki 900, aliwashinda, na da Gama akauawa. Baada ya hapo, akidhani kazi imekwisha, Imamu aliwaruhusu wengi wa Waturuki waondoke, akabaki na 200 tu. Februari 1543, huko Wayna Daga, Mfalme Galawdewos, mwana wa Lebna Dengel, pamoja na Wareno waliosalia, walimshambulia. Imamu alipigwa risasi akafa, na jeshi lake likatawanyika. Umoja uliochukua miaka kujengwa uliporomoka kwa kifo cha mtu mmoja.

Ajabu ni kwamba masimulizi ya Arab Faqih yanakoma kabla ya msiba huo. Anayesoma kitabu hicho peke yake hukifunga akiwa bado kileleni, bendera zinapepea. Nahofia kuwa wengi wetu tunaisoma historia yetu vivyo hivyo: tunafunga kitabu pale tunaposhinda.

Kiswahili kina hekima yake katika jambo hili. Neno letu "kushinda" lina maana ya kumweza adui, lakini pia lina maana ya kukaa mahali mchana kutwa, kama tusemapo kuwa fulani ameshinda shambani. Imamu Ahmad alishinda Shimbra Kure kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili hakushinda: hakupata kukaa. Adal na Uhabeshi zote mbili zilitoka katika vita hivyo zikiwa zimedhoofika, na hakuna iliyorudia nguvu zake za awali kwa muda mrefu.

Sasa nirejee chini ya mwarubaini. "Tukiungana, tutamshinda nani?" Yumkini msichana yule alikuwa na hofu asiyoitamka. Mji wake unajua jinsi neno la dini linavyoweza kugeuzwa kuwa kisu. Siku ya Shimbra Kure haina kaburi mjini Garissa, lakini alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 inayo. Siku hiyo watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika chuo kikuu cha mji huo na wauaji waliowatenga Wakristo na Waislamu kabla ya kufyatua risasi. Wauaji hao nao walidai kusema kwa jina la imani na umoja wa waumini. Tangu mashambulizi ya miaka hiyo, na mengine yaliyowalenga walimu, walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi wameihama Kaskazini Mashariki, na watoto wa Kiislamu wakabaki na madarasa yasiyo na mwalimu wa hisabati wala wa sayansi. Tukisema tumeungana dhidi ya mwalimu yule kijana aliyeketi nyuma, aliyeshindwa ni mtoto wetu.

Lakini sehemu hiyo hiyo ya nchi ina ushindi wake, na nasikitika kwamba wanafunzi wale walizijua vyema habari za 1529 kuliko za 1993. Mapema katika miaka ya 1990, koo za Wajir zilikuwa zikiuana kwa ajili ya maji, malisho na siasa. Kikundi cha akina mama, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, kilianzia sokoni. Walitaka soko liwe mahali ambapo mwanamke wa ukoo wowote angeweza kuuza na kununua bila hofu. Kutoka sokoni waliwaendea wazee, vijana, viongozi wa dini na maafisa wa serikali, hadi mwaka wa 1993 wazee wa koo walipotia sahihi mapatano yaliyoitwa Azimio la Al-Fatah. Mwaka wa 2007 Dekha alitunukiwa tuzo ya kimataifa ijulikanayo kama Right Livelihood. Hakuwa na farasi hata mmoja.

Angalia jina la azimio hilo. Ni shina lile lile nililokuwa nikilieleza chini ya mwarubaini. Arab Faqih alitumia neno la kufungua kwa maana ya kuziteka nchi. Wazee wa Wajir walitia sahihi zao chini ya neno hilo hilo, na kilichofunguka kilikuwa soko na njia ya kisimani. Shina moja limezaa matawi mawili, na kizazi kinachozungumza ndicho huchagua kivuli cha kukalia.

Tena kuna siku ya tarehe 21 Desemba 2015, karibu na Mandera. Watu wenye silaha walilisimamisha basi na kuwaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mnamo Novemba 2014, abiria 28 waliotengwa kwa njia hiyo waliuawa katika kaunti hiyo hiyo. Mara hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu zao, na abiria wakawaambia wenye bunduki kwamba kama ni kuua wawaue wote. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliyepigwa risasi na kufa kutokana na majeraha hayo Januari 2016.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichowaunganisha abiria wale kwa dakika chache tu, bila jemadari wala bendera. Haikuwa lugha, haukuwa ukoo, wala hawakuwa wa dini moja. Nadhani ilikuwa imani kwa maana yake ya asili. Imani, amani na amana ni ndugu wa tumbo moja: yote yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuwa salama na kuaminika. Mwenye imani, kwa mujibu wa neno lenyewe, ni yule ambaye jirani yake hulala usingizi. Abiria wale waliwachukua wenzao kuwa amana iliyowekwa mikononi mwao. Najashi angewaelewa mara moja.

Basi jibu langu, binti yangu uliyekuwa pembeni, ni hili. Mababu zenu walikuwa watu hodari, na si vibaya kujivunia uhodari wao. Lakini umoja usiojua ukomo wake hula watu wa nje kwanza, kisha hurudi ndani. Mkiungana, hamna Lebna Dengel wa kumshinda. Mnao ukame unaoua ngamia na mbuzi, mnazo damu za koo zinazodaiwa visimani, mnayo siasa inayowahesabu kwa ukoo kila msimu wa uchaguzi, na mnao wale wanaokuja usiku kuuliza nani ni nani. Maadui hao ni wengi kuliko wapanda farasi 16,000.

Nanyi walimu wenzangu, mnapoifundisha Shimbra Kure, msikifunge kitabu mwaka wa 1529. Fikeni Wayna Daga, rudini nyuma hadi kwa Najashi, kisha njooni Wajir na Mandera. Halafu mwacheni mwanafunzi aliyeketi pembeni aulize swali lake. Na kama darasani mna mwenzenu wa dini nyingine aliyeketi nyuma, mwulizeni naye anaionaje habari hiyo. Mimi sikumwuliza siku ile, kwa sababu kengele ililia, na nimejutia hilo tangu nilipovuka daraja la Tana nikirudi nyumbani.